Vigae Vitatu kwa Nyamizi

Hapo zamani, wala si ile zamani ya sungura na fisi, bali zamani ya hapa karibu, wasichana walipokuwa wakicheza mpira wa kikapu kwa raba za turubai na soksi zilizotiwa viraka, palikuwa na mji mmoja wa reli uitwao Kazimwe. Mji huo ulikuwa na mitaa minne, na kila mtaa ulikuwa na timu yake ya wasichana. Kaeni vizuri, jamani, maana mwisho wa hadithi hii kazi itakuwa yenu. Mimi nasimulia tu, nikimaliza nakunywa maji yangu.

Watu wa Kazimwe walikuwa na desturi mbili ambazo sijazisikia kwingine. Ya kwanza ni ya vigae. Kila mwaka wasichana walipomaliza shule, viongozi wa timu zote nne walikutana kuchagua wachezaji wapya, kila mtaa msichana mmoja. Mtaa uliokuwa wa mwisho katika ligi ndio uliochagua wa kwanza, ili mnyonge naye apate pa kushikia. Zamu hiyo iliandikwa kwenye kigae cha mtungi kilichopakwa rangi ya mtaa, na kila kiongozi alipewa vigae vya miaka mitatu kwa mpigo akavitunze. Mwenye kigae ana zamu, asiye na kigae hana neno. Kiongozi akishachagua, hupeleka doti ya kanga kwa mama wa msichana. Kanga zikipokelewa, maneno yamekwisha.

Desturi ya pili ni ya wavu. Wavu wa fainali ulifumwa upya kila mwaka kwa uzi wa katani, na timu iliyoshinda ilipanda kigodani, ikaukata, ikamvika mtu shingoni. Mtu mmoja tu. Wavu haukugawanywa vipande, wala haukuzungushwa nyumba hadi nyumba. Uliangikwa juu ya mlango wa aliyevikwa, na hata akifa watoto wake waliuacha pale pale. Kanuni yake ilikuwa fupi, hata watoto waliijua: avikwe yule ambaye bila yeye tusingeshinda.

Sasa, katika mitaa ile minne ulikuwepo Mtaa wa Magunia, ambao hakuna mlango wake hata mmoja uliokuwa na wavu. Milango ya Relini ilikuwa na nyavu, ya Sokoni ilikuwa nazo, ya Kisimani vilevile. Magunia walikuwa na misumari. Ndiyo, misumari, maana kuna wazee waliogongelea misumari juu ya milango yao miaka mingi nyuma wakisema wavu unakuja, na misumari ikashika kutu.

Kiongozi wa timu ya Magunia alikuwa Bi. Kalunde, fundi cherehani, mama mnene wa miaka hamsini na kitu, mwenye sauti ya kuamrisha na moyo usiojua kuamrisha. Yeye ndiye aliyeshona jezi zote nyekundu za timu, na yeye ndiye aliyezifua baada ya kila kipigo. Mwaka huo timu yake ilikuwa ya mwisho. Na kwa kuwa ilikuwa ya mwisho, kigae chake ndicho kilikuwa cha kwanza kuchagua, na Bi. Kalunde, kwa mara ya kwanza katika miaka mingi, alikuwa anacheka peke yake akishona. Kwa sababu mwaka huo ndio Havijawa alikuwa anamaliza shule.

Havijawa alikuwa mtoto wa Magunia, wa Magunia hasa. Mama yake, Bi. Siwema, ndiye mfumaji wa nyavu za mji mzima, na nyumba yao ilipakana na uwanja. Alipokuwa na miaka minane alikuwa akija kwenye kibaraza cha Bi. Kalunde kuokota vitambaa. Siku moja Bi. Kalunde akakusanya mabaki ya kitambaa chekundu, akamshonea kijezi kidogo, akamwambia, "Haya, mwanangu. Hiki ni cha leo. Ukimaliza shule nitakushonea kikubwa." Mtoto alilala nacho. Mama yake alisema hata kukivua ili kifuliwe ilikuwa vita. Na miaka tisa yote iliyofuata, kila jua lilipopungua, mlio wa mpira unaodundwa kwenye uwanja wa Magunia ulikuwa wa Havijawa, na mji mzima ulijua kwamba msichana kama yule hajapata kutoka katika shule ile.

Basi, alasiri moja, zikiwa zimebaki siku tano kabla ya siku ya kuchagua, Bi. Kalunde akiwa kwenye cherehani yake, akamwona Mama Maganga anavuka reli. Mama Maganga alikuwa kiongozi wa timu ya Relini, mwanamke mwembamba, mkweli mpaka watu walimwogopa. Akasalimu, akakaa kwenye benchi la wateja, akakataa chai.

"Shoga, nimekuja tubadilishane," akasema. "Nipe vigae vyako vitatu, cha mwaka huu na vya miaka miwili ijayo. Mimi nikupe Nyamizi."

Mguu wa Bi. Kalunde ukaganda kwenye pedali. "Nyamizi yupi?"

"Kazimwe ina Nyamizi wangapi?"

Kweli, walikuwa wangapi? Nyamizi alikuwa mmoja, mpishi wa kantini ya reli, mrefu, asiyependa maneno, mwenye mkono ambao ukishaurusha mpira watazamaji wa Relini walianza kupiga makofi mpira ukiwa bado hewani. Nyavu tatu za mwisho za Relini zilikuja kwa mkono huo.

"Mbona unamtoa?" akauliza Bi. Kalunde. "Anaumwa?"

"Haumwi. Wenzake ndio wamekwisha. Wawili wameolewa mbali, mmoja mgongo umegoma. Nyamizi peke yake atanifikisha nafasi ya pili, basi, na mimi sitaki ya pili. Nataka kupanda upya. Wewe chukua mavuno, mimi nipe mbegu."

"Chukua hivyo viwili vya mbele, basi. Cha mwaka huu niachie."

"Cha mwaka huu ndiyo nyama, shoga. Vingine ni mfupa. Sikufichi kitu: Nyamizi akikupa ubingwa, hivyo viwili vya mbele vitakuwa vya mwisho kuchagua, nitaokota makombo. Lakini akivunjika mguu, mkawa wa mwisho tena, nitachagua wa kwanza kwa zamu yenu na nyinyi mtakaa mnanitazama. Ni bahati nasibu, yangu na yako. Kanuni haikatazi, nimeuliza."

"Na mwaka huu utamchagua nani?"

Mama Maganga akainama akafunga kamba ya kiatu chake, ambayo haikuwa imefunguka. "Unajua nitamchagua nani. Ningeweza kukudanganya nikasema bado sijui. Nakupa mpaka Ijumaa."

Akaondoka. Bi. Kalunde akashona mkono wa shati la mteja kwenye shingo.

Jamani, msimcheke. Nyinyi mngefanyaje? Upande mmoja ana mtoto wa miaka kumi na saba na ahadi aliyompa mwenyewe, na ahadi ni deni. Mtoto huyo akikua atakuwa mchezaji wa ajabu, lakini atakua lini? Mwaka ujao? Miaka mitatu? Na akija kutoka shule moja kwa moja akutane na wanawake wazima wanaosukumana kwa nyonga, atapona? Upande wa pili ana Nyamizi, ambaye hakuna wa kuuliza atakua lini. Na nyuma ya yote hayo alikuwa na Mwanvua.

Mwanvua alikuwa nahodha wa Magunia, mwoka mikate, mwenye miaka thelathini na minne. Kwa miaka kumi na minne alikuwa amevaa jezi namba saba, na kwa miaka hiyo yote alikuwa amefungwa, akawapa mkono walioshinda, akarudi kuwasha tanuri. Goti lake la kulia lilikuwa limevimba mara nyingi hadi halikurudi tena kuwa kama lenziwe. Mganga wa zahanati alimwambia msimu huu uwe wa mwisho. Bi. Kalunde alimpenda Mwanvua kwa namna ambayo mtu humpenda aliyeteseka naye, na kila alipolitazama lile goti aliona aibu, kana kwamba yeye ndiye aliyelivunja.

Akawaita wachezaji wake wote kwenye kibaraza, akawaeleza. Wakagawanyika papo hapo. Wengine wakasema, "Usiache mbachao kwa msala upitao. Nyamizi ana miaka ishirini na saba. Akizeeka na vigae hatuna, tutachezesha bibi zetu?" Wengine wakajibu, "Chelewa chelewa utamkuta mwana si wako! Bahati imekuja kwa miguu yake, imekaa kwenye benchi, imekataa chai, mnataka ifanye nini tena?" Wakabishana mpaka mtu mmoja akasema, "Aseme nahodha." Hapo wote wakakumbuka jambo ambalo hakuna aliyetaka kulitaja. Nyamizi na Mwanvua walikuwa wanacheza nafasi moja. Nyamizi akija, Mwanvua anakaa benchi, na huo ndio msimu wake wa mwisho.

Mwanvua alikuwa ameegemea nguzo, amelipumzisha lile goti. "Mimi nimecheza sana," akasema. "Asipokuja nitacheza tena mwaka mzima, na tutafungwa tena mwaka mzima, na hilo nalijua kama ninavyojua unga wangu. Mleteni. Na jezi yangu mpeni, namba ile ameizoea." Kisha akacheka kidogo. "Nikikaa benchi angalau nitaona mchezo vizuri. Miaka yote nimeuangalia kwa chini."

Wachezaji wenzake wakalia. Bi. Kalunde akalia. Na katika kilio hicho, hakuna hata mmoja aliyekumbuka kuvuka uwanja, hatua arobaini tu, kwenda kumwuliza Bi. Siwema, au mwanawe.

Ijumaa Bi. Kalunde akavitoa vigae vitatu kwenye mtoto wa meza ya cherehani, akavifunga kwenye kitambaa, akavuka reli, akampa Mama Maganga. Siku ya kuchagua ilipofika Relini wakachagua wa kwanza kwa kigae chekundu. Jioni ile ile Mama Maganga akaja Magunia na doti ya kanga iliyoandikwa Mtoto Umleavyo Ndivyo Akuavyo.

Bi. Siwema alikuwa amefagia uwanja wa nyumba tangu asubuhi. Alikuwa amekaanga maandazi. Alipomwona anayeingia ni nani, aliangalia nyuma yake kama kuna mwingine anakuja. Hakukuwa na mwingine. Akazipokea kanga, maana kuzikataa ni kumtukana mgeni, akasema ahsante, akaingia ndani.

Siku ya pili Havijawa akaja kwenye kibaraza. "Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Kaa nikwambie..."

Havijawa hakukaa. Akaweka kijezi chekundu juu ya meza ya cherehani, kimefuliwa, kimepigwa pasi, kidogo kama cha mwanasesere. "Hiki ni chako, Mama," akasema. Akaenda zake.

Tangu siku hiyo kila alasiri alionekana akivuka reli kwenda kufanya mazoezi ng'ambo, akipita pembeni ya uwanja aliokulia bila kuutazama. Mcheza kwao hutunzwa, wahenga walisema. Huyu alikwenda kucheza kwa watu.

Na Nyamizi je? Nyamizi alikuja. Wenyeji walimpigia vigelegele, wakampa kuku, yeye akasema ahsanteni. Alikuja kwenye kibaraza kupimwa jezi, kwa sababu ile ya Mwanvua ilikuwa fupi, ikabidi iongezwe kipande. Bi. Kalunde akawa anapima huku anazungumza, kama afanyavyo mtu mwenye wasiwasi.

"Tunafurahi sana, mwanangu. Naamini nawe umefurahi."

"Mama," akasema Nyamizi, "miaka sita nimecheza Relini. Nilirudi kutoka kantini, nikakuta jezi yangu imeshatolewa msumarini. Wao walikaa, nyinyi mkakaa. Kuna aliyeniuliza?"

Bi. Kalunde akajichoma kidole kwa sindano.

"Mbuzi naye haulizwi siku ya mnada," akasema Nyamizi. "Lakini mpira nitacheza. Mpira haujanikosea kitu."

Akacheza, jamani! Aisifuye mvua imemnyea, na Magunia walinyewa na mvua hiyo msimu mzima. Waliwafunga Kisimani. Wakawafunga Sokoni. Wakawafunga tena Kisimani hadi kiongozi wao akaomba maji. Wazee wakapangusa kutu kwenye misumari. Mwanvua alikaa benchi na taulo begani, akigawa maji, akimwelekeza Nyamizi kwa vidole nani mvivu wa kurudi nyuma na nani anadunda kwa mkono mmoja tu, kwa sababu miaka kumi na minne ya kufungwa nayo ni elimu. Na Nyamizi, asiyependa maneno, akaanza kuja kukaa karibu naye wakati wa mapumziko.

Ng'ambo ya reli nako kulikuwa na jambo. Mbegu ya Mama Maganga haikungoja miaka mitatu. Havijawa aliota mapema, akawapandisha Relini mechi baada ya mechi, na fainali ikawa Magunia na Relini. Mngetaka iwe nani na nani?

Fainali ilichezwa uwanja wa Magunia. Wavu wa katani, mweupe, mpya, ulikuwa umefumwa na Bi. Siwema kama kila mwaka. Majirani walimwona akiufuma mlangoni na hakuna aliyethubutu kumwuliza anaufuma akimwombea nani.

Sitawasimulia mechi yote. Zikiwa zimebaki dakika mbili, mchezaji mmoja wa Magunia akatolewa kwa makosa matano, na benchi halikuwa na mwingine mwenye akili ya mchezo. Mwanvua akavua taulo. Goti lilikuwa limefungwa bendeji tangu paja. Uwanja ukasimama wote, pande zote mbili, hata Relini.

Zikabaki sekunde kumi na moja. Relini hamsini na nane, Magunia hamsini na saba. Katika pointi hizo hamsini na saba, thelathini na mbili zilikuwa za Nyamizi. Mpira ukapiganiwa pembeni, mikono minne ikaufuata, ukatoka nje. Refa akapiga filimbi, akaonyesha mpira ni wa Relini. Hapo mechi ilikuwa imekwisha. Relini walihitaji kuushika tu mpaka saa iishe, na wasichana wao walikuwa wameshaanza kurukaruka.

Havijawa akanyoosha mkono.

"Refa," akasema, "mpira umenigusa mimi wa mwisho."

Refa akamtazama. Hakuwa ameona. Hakuna aliyekuwa ameona.

"Umenigusa hapa," akasema Havijawa, akaonyesha ncha ya kidole.

Refa akageuza mkono. Mpira wa Magunia. Mmoja wa wenzake Havijawa akamwambia neno ambalo sitalirudia mbele ya watoto.

Mpira ukarushwa ndani, na kila mtu alijua unakwenda kwa Nyamizi. Wawili wakamkimbilia. Mmoja Nyamizi akampita. Wa pili alikuwa Havijawa, na Havijawa hapitwi, mnamjua. Hapo Mwanvua, ambaye alikuwa ameambiwa asikimbie, akakimbia. Akajisimika katikati kama mlingoti, miguu miwili chini, mikono kifuani, kwa haki kabisa, na Havijawa akiwa mbioni akamgonga. Mlio wa goti lile ulisikika mpaka kwa akina mama. Nyamizi akabaki peke yake kwa muda wa pumzi moja. Akarusha.

Sitaki kuwachosha. Uliingia. Hamsini na tisa kwa hamsini na nane.

Mtaa wa Magunia ukapiga kelele za miaka yote iliyopita kwa pamoja. Watu walikumbatia watu waliogombana nao. Lakini Bi. Kalunde hakuweza kupiga kelele. Alikuwa anamtazama Mwanvua, ameketi chini ya ringi, anacheka na machozi yanamtoka, na mguu wake umelala upande usio wake. Alikuwa anamtazama Nyamizi amepiga magoti kando yake. Na alikuwa anamtazama Havijawa, amesimama katikati ya uwanja peke yake, kwa sababu Relini walikuwa wamemtenga na Magunia si wake.

Wakaleta kigoda. Bi. Kalunde akapanda na mkasi wake wa kushonea, akaukata wavu kitanzi kwa kitanzi, mpaka ukamwangukia mkononi. Avikwe yule ambaye bila yeye tusingeshinda.

"Nyamizi!" wakaita watu. "Mvike Nyamizi! Nani mwingine?"

Nyamizi akainuka. Kwa mara ya kwanza akasema kwa sauti kubwa. "Nyavu tatu nimekata Relini na hakuna hata moja niliyovikwa mimi. Walisema mimi ni mkono tu, mkono hauvikwi. Hapa nililetwa kama furushi. Ningeweza kucheza nusu, na hakuna ambaye angejua. Nimecheza yote. Pointi thelathini na nne. Zitoeni hizo, mhesabu mlichobaki nacho."

Watu wakasema, kweli.

"Niinueni," akasema Mwanvua, wakamwinua, mmoja kila upande. "Sikutaka kusema, lakini mlango wangu una msumari wa marehemu baba. Mliponambia niseme, ningeweza kusema hapana. Neno moja tu, na Nyamizi angekuwa Relini leo, anatufunga sisi. Nimetoa nafasi yangu, nikatoa jezi yangu, na sasa nimetoa goti langu. Sina cha kutoa tena. Mwaka kesho Nyamizi anaweza kupata wavu mwingine. Mimi hapana."

Watu wakasema, kweli. Nyamizi mwenyewe akainamisha kichwa.

Aliyemsemea Havijawa ni mama yake. Bi. Siwema alipita katikati ya watu akiwa bado na nyuzi za katani zimemng'ang'ania kwenye kanga, akasimama chini ya kigoda.

"Wavu huo nimeufuma mimi," akasema, "kwa hiyo mnaweza kunisikiliza. Nyamizi alikuja hapa kwa bei gani? Semeni. Kwa huyu. Nahodha alitoa vitu vyake, na mtu akitoa chake husifiwa. Nyinyi mlitoa wangu. Na huyo mliyemtoa, leo alipokuwa na ushindi mkononi, akanyoosha kidole akauachia. Bila yeye msingempata Nyamizi. Bila yeye msingeupata mpira. Mara mbili."

"Lakini huyo ni wa Relini!" mtu akapaza sauti. "Na alisema kweli tu, kila mtu anatakiwa aseme kweli! Mtu huvikwa wavu kwa kutoiba?"

"Kanuni inasema yule ambaye bila yeye," akajibu Bi. Siwema. "Haikutaja jezi."

Watu wakamgeukia Mama Maganga, ambaye alikuwa na haki ya kukasirika kuliko wote. Kigae cha mwaka kesho kitachagua wa mwisho, na ubingwa umekwenda. Mama Maganga akaenda hadi katikati ya uwanja, akamwekea Havijawa mkono begani. "Mimi nilitaka mbegu," akasema, "na mbegu niliyopata naijua leo. Wachezaji wangu wanalia, na wana sababu. Lakini mkimvika sitamzuia, na msipomvika atarudi nami nyumbani. Hilo mwachieni Bi. Kalunde. Yeye ndiye aliyenipa vigae, na ni yeye aliye juu ya kigoda."

Wote wakamtazama Bi. Kalunde. Mtaa wake ulikuwa umepata alichotaka kuupa, na ulikuwa na furaha, na yeye aliipenda furaha hiyo, hakuitubia yote. Lakini miaka miwili ijayo hakuwa na kigae cha kumleta msichana mpya. Nahodha wake hangecheza tena. Nyota wake hakuwahi kuombwa. Mtoto wake wa vitambaa alikuwa amesimama hatua kumi kutoka kwake na hamtazami. Alijua kwamba yeyote atakayemvika, wale wawili wengine watarudi nyumbani wakijua alichowafikiria, na kwamba kuanzia siku hiyo kila akipita mtaani atauona wavu ule juu ya mlango mmoja, na milango miwili isiyo nao.

Mimi hadithi yangu imeishia hapo. Nilipomwacha Bi. Kalunde alikuwa bado juu ya kigoda, wavu mkononi, na miguu inamuuma, mama wa watu. Mteremsheni nyinyi, maana mmesikia yote. Kuna aliyefunga, kuna aliyejitoa, kuna aliyetolewa. Wavu ni mmoja na shingo ni tatu.

Je, nani alistahili?